Kompyuta ya Milango Miwili

Tulipokuwa tunamtafutia Mama picha ya kuweka juu ya jeneza, tuligundua kwamba maisha yake yote hakuwahi kucheka mbele ya kamera. Picha zenyewe zilijaa meza: Mama na bamama wa kanisa, Mama na mchungaji, Mama kando ya keki ya arusi ya watu, na katika zote amekaza uso na kuukumbatia mkoba wake utadhani mpiga picha anataka kukimbia nao. Yaya Bea, dada yangu mkubwa, alizipindua moja baada ya nyingine huku analia. "Bantu banakuja kumulilia ao kumuogopa?" akaniuliza, na mimi nikaangua kicheko, pale pale kwenye kilio, hadi shangazi wawili wakageuka kunitazama. Nje, upande wa jikoni, Kasongo, mume wa Bea, alikuwa anapasua kuni pamoja na wakwe wengine wa kiume, kwa sababu kwetu Kolwezi mukwe hakai kwenye kilio cha ukweni. Anachota maji, anabeba viti, anatoa jasho ili aonekane. Kasongo ana mvi siku hizi, ana tumbo, ana cheo mgodini na vijana wanaomwita chef, lakini asubuhi ile shoka lilikuwa mikononi mwake. Akaja hadi dirishani, akakohoa. Kikohozi kile nakijua toka zamani, ni cha mtu anayeomba njia mahali ambapo mama mukwe wake yumo.

"Ntumba," akasema kwa sauti ya chini, "foto iko moja. Iko kwangu."

"Kwako Fungurume?"

"Hapana. Kwangu. Upande wangu."

Basi nikaelewa ni upande gani, na picha gani, na nikakaa juu ya gunia la mkaa na nguo yangu nyeupe ya kilio.

Huo upande una historia yake. Mwaka ninaousema nilikuwa namaliza sekondari na nilitakiwa kuwaza mtihani wa Serikali, ila kazi yangu ya kweli ilikuwa forodha ya kupitisha maneno. Tulikaa katika nyumba ya zamani ya kambi ya wafanyakazi, vyumba viwili na sebule, jiko nje, na kibanda cha uani ambacho zamani kilikuwa cha kuku. Sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine ziliweka televisheni, sisi tuliweka ordinateur. Wasomaji wa mbali wataita kompyuta, sawa, ni ile ile. Ilikuwa sanduku kubwa lililogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, Mama alilinunua ofisi moja ilipokuwa inafungwa, na akaifumia kitambaa cheupe cha uzi cha kuifunika, maana kwake kitu kisicho na kitambaa kilikuwa uchi. Kwa mashine ile alichapa mialiko ya arusi na programu za kilio za mtaa mzima. Alichapa kwa vidole viwili, miwani puani, midomo inatamka kila herufi, na ukimsemesha katikati ya jina la bwana arusi unapata jibu lako kesho. Mwaka huo kazi za mgodi wa Mashamba zikasimama, Kasongo akabaki bila ajira, na yeye na Bea na mtoto wao mdogo wakaja kukaa kwetu, kule kwenye kibanda cha kuku.

Mwanamume kukaa kwa mama mukwe wake! Wengine husema ni aibu, mimi nasema ni mazoezi ya mwili. Bukwe, yaani heshima ya ukweni, ilikuwa imekamilika nyumbani kwetu. Mukwe na mama mukwe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, hawapishani mlangoni, na mmoja hakalii kiti ambacho bado kina joto la mwenzake. Si chuki wala si woga, ni heshima tupu, tena heshima kubwa hadi inawachosha watu wote wasiohusika. Kasongo akiingia kwa mlango wa mbele, Mama alitoka kwa mlango wa jikoni, hata kama sufuria ya bukari, ugali wetu, ilikuwa mkononi. Wakitaka kuzungumza walizungumza kupitia mimi, nami nimesimama katikati yao, kwenye pazia, Kasongo akiitwa tata, yaani baba.

"Ntumba, umwambie ule tata chumvi imeisha."

"Ntumba, umwambie Mama nimesikia."

"Ntumba, umuulize kama amesikia, juu ya nini hapana kwenda?"

Shida ilianza kwa sababu Kasongo naye alihitaji mashine. Alikuwa anaandika barua za kuomba kazi kwenye migodi yote kutoka kwetu mpaka Tenke, na kwenda kuzichapa mjini kulimmaliza. Mama hakukataa, kwa kuwa alitaka apate kazi kuliko mtu yeyote, ili atoke. Lakini mashine ilikuwa na kiti kimoja tu chenye kimo cha meza ile, kiti chekundu cha plastiki, na Mama alikuwa amekikalia toka asubuhi. Kasongo aliingia, akakigusa kwa kiganja, akakuta joto, akasimama. Akangoja. Mimi nikakipepea kiti kwa daftari langu la kemia. Nasema kweli, nimesoma kemia yangu nyingi kwa namna hiyo.

Halafu alipoiwasha mashine akajikuta ndani ya vitu vya Mama. Ndivyo Windows yetu ilivyopangwa: ukifungua tu, mialiko yake, programu zake, barua zake kwa bamama wa kanisa, vyote viko mbele ya macho. Kasongo akafunga macho kabisa. Namuona hadi leo, mwanamume mzima mbele ya skrini, kiganja usoni, anapapasa kipanya. "Ntumba, mi siwezi," akasema. "Ni kama kuingia mu chumba yake ya kulala." Na Mama, aliyekuwa nyuma ya pazia anajitia anakunja nguo, akajibu ukuta: "Ana akili. Sikujua kama ana akili."

Dawa Kasongo aliitoa Lubumbashi, kwa rafiki aliyesoma chuo, ilikuwa CD iliyofungwa ndani ya gazeti. Jina lake Linux. Ni mfumo mwingine wa kuendesha mashine, akanieleza, na mifumo hiyo miwili inaweza kukaa ndani ya sanduku moja, mmoja upande huu, mwingine upande ule, kila mtu na mlango wake. Mama hakutaka kabla hajaelewa. Basi Kasongo akaniagiza sahani ya bukari, akaketi kibarazani mgongo ameuelekeza kwenye pazia, akachukua kijiko akaikata bukari katikati. "Umwambie Mama, huku njo kwake. Huku njo kwangu. Hapa katikati kuna ukuta. Mi naingia kwangu, yeye anaingia kwake, hatukutane." Mama akaichungulia sahani nyuma ya pazia. Kisha: "Ntumba, umuulize, nani amepata fungu kubwa?" Kasongo akaitazama bukari, akaongeza kipande upande wa Mama. Siku hiyo Mama akatoa ruhusa, na mtoto wa Bea akala ushahidi.

Mwanzoni, jamani, amani ilikuwa tele. Ukiwasha mashine, skrini nyeusi inakuonyesha majina mawili, unachagua mlango wako, basi. Usipochagua upesi inachagua yenyewe jina la kwanza, na la kwanza lilikuwa la Kasongo. "Ntumba, umuulize, mu hii nyumba nani ametangulia?" Kesho yake jina la Mama lilikuwa juu. Lakini mashine zina ukorofi wao. Mifumo ile miwili haikukubaliana juu ya saa: mmoja uliandika saa ya hapa kwetu, mwingine ukaisahihisha kwa saa ya kimataifa kwa hesabu zake wenyewe, na kila Kasongo akitoka, saa ya Mama ilibaki nyuma saa mbili kamili. Mama hakuwa na saa ya mkono. Jumapili moja alijipamba polepole, akajifunga kitambaa cha kichwa mara tatu kwa raha zake, akafika kanisani bamama wanakunja vitambaa vya meza na mchungaji anafunga mlango. Alirudi amevimba. Akapita moja kwa moja hadi pazia. "Umwambie! Amechukua fasi, nikanyamaza. Amechukua kiti, nikanyamaza. Sasa ananinyang'anya mpaka saa ya Mungu!" Kasongo aliitengeneza jioni ile ile, jasho linamtoka, huku Bea anacheka ndani ya kanga ya mtoto ili asisikike.

Najua leo kwamba tulikuwa na furaha wakati ule. Nilidhani ni kero. Sebule ile ilinuka sombe, majani ya muhogo, na vumbi la mashine yenye joto, umeme ulikatika ulipotaka, mtoto alitambaa chini ya meza, na watu wawili waliokatazwa kutazamana walikuwa wanatunzana kwa namna ambayo sijaiona tena. Mama akipika tomson alimwekea Kasongo kichwa cha samaki, kipande cha heshima, kisha akasema eti kimebaki. Kasongo akimaliza kazi alikifuta kiti kwa shati lake.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili. Mchwa walikuwa wameanza kula albamu ya Mama, basi alipeleka picha zote za zamani studio zikaingizwa kwenye CD, nami nikazinakili upande wake, katika folda moja pamoja na picha za arusi ya Bea. Bea akataka picha za arusi zionekane na upande wa mumewe. Kasongo, kwa kumpendeza mkewe, akafungua kanjia kutoka kwake kwenda kwenye folda ile, akainakili nzima upande wake, akapanga kwamba mashine ikikaa bila kuguswa, skrini ionyeshe picha zilizomo, moja moja, kubwa. Hakutazama ndani. Alidhani ni za arusi tupu. Mchana huo Mama, présidente wa bamama wa kanisa, aliwapokea wenzake nyumbani. Walijaa sebule nzima na bikwembe, yaani vitenge, vyao vya sare, kinywaji cha munkoyo vikombeni, na Mama amesimama anafundisha juu ya wasichana wa kwaya na sketi zao. "Goti ni ya nyumbani!" alikuwa anasema. "Goti haitembeake mu barabara!" Nyuma yake, mashine ambayo Kasongo aliiacha wazi upande wake ikachoka kungoja. Ikaonyesha Bea na keki. Ikaonyesha Bea na Kasongo. Kisha ikamwonyesha msichana mwenye kiatu kirefu, mkono kiunoni, sigara vidoleni, kichwa amekitupa nyuma anacheka meno yote nje, na sketi ambayo haikufika goti, haikufika hata kulikaribia goti.

Bamama wakanyoosha shingo. Mama Odia, mweka hazina, mwenye macho mabovu na sauti nzuri, akauliza, "Ule mutoto ni wa nani?" Na mwenzake akajibu polepole, "Eh, pua... ile pua si ya Présidente?" Mama akageuka. Na wakati huo huo, ndivyo bahati yetu ilivyo, Kasongo akatokea mlangoni na viti vya jirani, viwili kila mkono, akainua macho kabla ya kukohoa. Akaona. Akaona mapaja ya mama mukwe wake, mbele ya kanisa zima. Viti vikaanguka. Kasongo akageuka akakimbia hadi njia kuu, akiwa na kandambili moja. "Mamu wanyi!" Mama akamlilia mama yake kwa lugha ya kwao, akavua kikwembe cha juu akaifunika mashine na meza na kikombe cha mtu.

Hakumpigia mtu kelele. Afadhali angepiga. Alikaa chumbani mwake hadi kesho yake, kisha akatoka akamwambia Bea, bila kupitia kwangu, "Aende. Ukuta alisema iko. Ukuta haikuwako. Muda huu wote alikuwa ananiona." Bea akajibu, "Akienda, na mi naenda." "Basi nenda naye." Bea akaingia kibandani akaanza kufunga nguo za mtoto ndani ya shuka. Nilisimama uani katikati yao, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuna aliyenipa neno la kupeleka. Niliogopa sana. Bea angeondoka na mwanamume asiye na kazi wala nyumba, mtoto mgongoni, na Mama angebaki na kiburi chake na mimi, na nilijua ni yupi kati yetu angevunjika kwanza.

Nikampigia simu Mujomba Kalala, kaka yake Mama, aliyeendesha treni maisha yake yote na kustaafu Tenke. Akaja na kofia yake ya kazi, akaketi kibarazani, akala kwanza, maana hakuwahi kuhukumu na njaa. Mama alikaa ndani nyuma ya pazia, Kasongo nyuma ya ukuta wa nje. "Nielezeeni hii mashine," akasema Mujomba. Kasongo akaeleza kutoka nyuma ya ukuta: sanduku moja, mifumo miwili, unachagua mwanzoni. "Njia mbili, gare moja," Mujomba akasema, kana kwamba anazungumzia stesheni. "Na nani anachagua njia?"

"Ule anafinya wa kwanza, Tata."

"Aksida njo inaanzaka vile," Mujomba akasema, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli ya mtu aliyeona ajali. Akataka aone mwenyewe. Nikamfungulia upande wa Mama. "Kasongo iko wapi humu?" Hayumo, nikamwambia, ukiwa huku huoni chochote cha Kasongo. Nikafungua upande wa Kasongo, na kwa kubonyeza mara mbili tu, vitu vyote vya Mama vikatandazwa hapo. Mujomba akavua kofia. "Kasongo! Ulijenga ukuta ya kuzuia mama mukwe peke yake?"

"Tata, si mi nilijenga! Njo bilivyo bitu! Yake haijue kusoma ya kwangu. Ya kwangu inajua kusoma yake. Lakini kusoma, Tata, mi sikusoma. Mwaka muzima. Mlango ilikuwa wazi, na sikuangalia hata mara moja. Nilifungua juu ya foto ya bibi yangu tu." Akaugonga ukuta kwa kiganja. "Mi nilikuwa napepeaka ile kiti, Tata."

Aliyekipepea ni mimi, lakini haukuwa wakati wa kudai haki. Nyuma ya pazia Mama alipenga kamasi. Mujomba akahukumu: mukwe aliyeona asichopaswa kuona ameona, iwe kwa jicho, iwe kwa umeme. Aifute ile picha upande wa Mama. Alete mbuzi. Na mbuzi huyo akiliwa, bukwe imefunguliwa, hakuna tena kukimbiana mlangoni, Mama amepata mtoto wa kiume. "Na bakikataa," akasema huku anavaa kofia, "mi naondoka na mashine."

Mbuzi alipatikana kwa mchuuzi mmoja anayeleta mifugo kwa treni kutoka Dilolo, ambaye mashine yake ilikuwa imekufa na Kasongo akaifufua. Alikuwa mbuzi mwekundu mwenye dharau. Tulimfunga kwenye nguzo ya baraza, karibu na kamba ya nguo, na tulipogeuka kidogo alikuwa ameshameza nusu ya kitambaa cheupe cha uzi cha kufunikia mashine, nusu nyingine inaning'inia mdomoni. Mama alitoka jikoni na mwiko. Akamtazama mbuzi. Akamtazama Kasongo aliyekuwa anavuta uzi, naye Kasongo akasahau akamtazama pia, uso kwa uso, na Mama akacheka. Alicheka akashika nguzo, kichwa amekitupa nyuma, meno yote nje, nikamuona msichana wa ile picha amesimama kibarazani kwetu na aproni. Jioni walikula bukari sahani moja. Mama akamsogezea kiti chekundu, akamwambia, "Keti, mutoto wangu." Na yeye, kabla ya kukaa, akakigusa kwa kiganja. Hakuiacha tabia hiyo hata siku moja.

Alipata kazi Fungurume kabla ya mvua kuisha, na barua iliyompatia aliichapa upande wa Mama, Mama mwenyewe akimsimamia makosa. Nami mtihani nilishinda, kemia ikiwa alama yangu nzuri kupita zote. Albamu mchwa waliimaliza.

Hayo yote yalinipitia pale juu ya gunia la mkaa. "Mujomba alisema ufute," nikamwambia Kasongo dirishani.

"Kwake nilifuta. Siku tulikuwa tunahama, akaniita. Akaniuliza, ile foto, kwako nako ulifuta? Nikaogopa, nikasema nitaifuta sasa hivi. Akasema, acha. Kwangu bamama ba kanisa banafungulaka kila siku. Ibakie kwako. Kwako nitakuwa muzuri." Akafuta uso kwa mkono wenye vumbi la kuni. "Kila nikibadilisha mashine, nahama nayo. Sijaiangalia tena, Ntumba. Nabeba tu."

Tuliichapisha mjini mchana ule, kubwa, tukaitia kioo, na tukaiweka juu ya jeneza. Bamama wa kanisa waliingia na sare zao, wakaiona, wakasimama. Mama Odia, ambaye sasa karibu haoni kitu, aliinama hadi pua ikagusa kioo. "Njo yeye," akasema, akaanza kulia kwa sauti, na nyumba nzima ikamfuata. Kasongo alikuwa bado uani na shoka. Nikamwingiza ndani. Shangazi wakanong'ona kwamba mukwe hakai, nikawaambia huyu alikwisha kufunguliwa kwa mbuzi mzima, na kitambaa cha uzi juu yake. Nikaenda chumbani kwa Mama nikatoa kiti chekundu, kile kile, mguu mmoja umefungwa kwa waya, nikakiweka karibu na jeneza. Kasongo akasimama mbele yake. Akainama, akakigusa kwa kiganja, akauacha mkono hapo kwa muda mrefu. Kilikuwa baridi. Akakaa.